PICHA TANO ZA MURANG'A

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika mji wa Murang'a, nchi ya Kenya, mji ambao wakati wa utawala wa Waingereza uliitwa Fort Hall, lipo kanisa kuu la Kianglikana lenye picha tano kubwa zilizochorwa ukutani. Picha hizo zaonyesha maisha ya Nabii Isa kama yanavyosimuliwa na Wakristo, ambao humwita Yesu: kuzaliwa kwake, kubatizwa kwake, karamu ya mwisho pamoja na wanafunzi wake, usiku wa huzuni bustanini, na kusulubiwa. Mambo hayo yamekwisha chorwa mara nyingi mno huko Ulaya. Lakini katika kanisa la Murang'a watu waliomo pichani ni Waafrika, na nchi wanamokaa ni nchi ya vilima na miti mfano wa ile aionayo mtu atokapo nje ya mlango wa kanisa. Aliyezichora ni kijana wa Kitanganyika, jina lake Elimo Njau, na alizichora katika miaka ya mwisho ya 1950.

Najua kuwa baadhi ya wasomaji watauliza: sisi watu wa Pemba, ambao karibu sote ni Waislamu, ambao misikiti yetu haina taswira ya mtu wala ya mnyama, na ambao juu ya habari ya Msalaba hatuafikiani na Wakristo, picha hizi zatuhusu nini? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu mbele kidogo. Kwanza yafaa tumjue mchoraji, na mahali alipochorea.

Elimo Njau ni Mchaga, mzaliwa wa Marangu chini ya mlima Kilimanjaro, mwaka 1932. Alisomea uchoraji Makerere, Uganda. Mafunzo hayo yalianzishwa katika miaka ya 1930 na bibi mmoja wa Kiingereza, Margaret Trowell, ambaye mwanzo alifundisha wanafunzi wachache tu barazani kwake. Namna yake ya kufundisha ilikuwa ngeni kwa wakati ule. Hakuwapa wanafunzi picha za Kizungu ili wazinakili. Aliwasimulia jambo kwa maneno, kisha akawaacha walichore kama kila mmoja alivyoliona moyoni mwake. Mchaga mwingine, Sam Ntiro, alipita katika skuli hiyo hiyo, akachora maisha ya Uchagani, na baada ya Uhuru wa 1961 akawa Balozi wa kwanza wa Tanganyika mjini London.

Namna hiyo ya kufundisha yaonekana nyepesi, lakini si nyepesi hata kidogo. Mwambie mtoto wa Wete au Mkoani achore nyumba, naye aghalabu atachora nyumba yenye dohani ya kutolea moshi juu ya paa, ingawa tangu azaliwe hajapata kuona dohani. Ameiona kitabuni, basi adhani kuwa nyumba ya kuchora lazima iwe hivyo, na nyumba ya kwao, yenye makuti au mabati na mkarafuu nyuma yake, ni ya kukaa tu, haistahili karatasi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Wakristo wengi wa Afrika na picha za dini yao. Waliletewa na wamisionari picha zilizopigwa chapa Ulaya, na katika picha hizo kila mtu mwema alikuwa mweupe.

Sasa nisimulie habari za mahali penyewe, maana bila ya hizo picha hazifahamiki. Kanisa la Murang'a halikujengwa kwa ajili ya sala peke yake. Lilijengwa liwe ukumbusho. Mwezi wa Oktoba 1952 Serikali ya Kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya kwa sababu ya vita vya Mau Mau, na hali hiyo haikuondolewa mpaka Januari 1960. Wapiganaji, waliokuwa wakidai ardhi na uhuru wao, waliwalisha watu kiapo. Wako Wakikuyu Wakristo waliokikataa kiapo hicho kwa ajili ya imani yao, na baadhi yao wakauawa. Kanisa ni la kuwakumbuka hao, na jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher. Lakini upande wa pili nao ulikuwa na maiti wake. Serikali iliwanyonga watu zaidi ya 1,000, ikawatia wengine maelfu kwa maelfu makambini, na watu zaidi ya milioni moja wakatolewa makwao kwa nguvu, wakakusanywa katika vijiji vilivyochimbiwa mahandaki pande zote. Nchi ya Murang'a ilikuwa katikati ya moto huo. Aliyekuwa msituni na aliyekuwa kanisani huenda walizaliwa na mama mmoja.

Basi fikirini kazi aliyopewa kijana huyu. Hakuwa Mkikuyu, wala hakuwa mtu mashuhuri. Vita vilikuwa havijatangazwa kwisha. Kama angalichora Yesu Mzungu katika kanisa lile, wakati ambapo mwenye kunyonga alikuwa Mzungu, sijui mtu wa kijijini angaliitazamaje picha hiyo. Na kama angalichora wafia dini wenyewe wakikatwa mapanga, picha zingalikuwa za kuchochea kisasi. Yeye hakufanya lolote katika hayo mawili. Alichora hadithi ya zamani ambayo waumini wote waliijua, akaiweka katika nchi yao wenyewe, na aliyekufa katika picha ya mwisho ni mtu mweusi. Mimi nimeziona picha hizi vitabuni tu, sijapata kusimama mbele ya ukuta. Hata hivyo naona kwamba hapo ndipo ilipo nguvu yake. Mwanamke aliyefiwa na mumewe kwa panga, na mwanamke aliyefiwa na mwanawe kwa kitanzi cha Serikali, kila mmoja angeweza kuitazama picha ile ya kusulubiwa na kumwona wake. Jiwe la ukumbusho lilikuwa la upande mmoja, lakini picha ziliwafaa wote wenye msiba.

Wako wasemao kuwa kuchora hivyo ni kupotosha tarehe, kwani Nabii Isa alizaliwa Palestina, si Afrika. Ni kweli alizaliwa Palestina. Lakini na tupime kwa kipimo kimoja. Leonardo da Vinci, fundi mkubwa wa Italia, alichora karamu ile ya mwisho mjini Milano mwishoni mwa karne ya 15. Aliwaketisha watu penye meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cheupe, kama walivyoketi mabwana wa Italia, na sura zao ni za Kiitalia. Watu husafiri kutoka dunia nzima kwenda kuitazama, wala sijasikia mtu kusema kwamba Leonardo hakujua jiografia. Kwa nini kosa lianze kuwa kosa linapofika kwa Mchaga?

Wala Afrika haiko peke yake katika shauri hili. Yuko mchoraji aitwaye Makoto Fujimura, aliyezaliwa Boston, Marekani, mwaka 1960, na wazee wa Kijapani. Alikwenda Tokyo kujifunza uchoraji wa kale wa Kijapani, uitwao Nihonga, na katika miaka hiyo hiyo ya masomo akaingia Ukristo. Uchoraji huo hautumii rangi za mafuta. Mawe ya rangi husagwa yakawa unga, kama malakiti, jiwe la kijani ambalo huchimbwa pia Katanga nchini Kongo. Unga huo huchanganywa na gundi ya ngozi za wanyama, kisha hupakwa juu ya karatasi ngumu ya mkono, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka hungojewa likauke. Rangi nyeupe hupatikana kwa kusaga makombe ya chaza. (Wazee wetu waliochoma matumbawe wapate chokaa ya kupaka nyumba wangalielewana na mafundi hao bila mkalimani.) Kwa mawe hayo na dhahabu, Fujimura alipamba kitabu cha Injili nne kilichotolewa mwaka 2011, kukumbuka miaka 400 ya tafsiri mashuhuri ya Kiingereza ya 1611. Yeye, tofauti na Njau, mara nyingi hachori mtu wala mti. Ni rangi na nuru tu. Njau aliibadili nchi iliyomo katika hadithi, Fujimura alizibadili zana. Wote wawili walikataa kuamini kuwa mtu akiipokea dini lazima aipokee pamoja na brashi ya mgeni aliyemletea.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la mwanzo. Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini ya Unguja, pana maandishi ya Kikufi yaliyochongwa penye mihrabu, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Uislamu ulitoka Arabuni, na herufi zile zilikuja kwa jahazi. Lakini jiwe lililochongwa ni tumbawe la bahari yetu, ambalo mafundi wa pwani walijua kulikata likiwa bado laini na mbichi, kabla halijakauka likawa gumu. Nendeni Ras Mkumbuu, hapa hapa Pemba, mkatazame magofu ya msikiti. Ni mawe ya bahari hiyo hiyo. Hakuna Mpemba anayeona kwamba sala yapungua kwa kuwa kibla chake kimejengwa kwa matumbawe. Sisi tulilimaliza shauri hili zamani sana, na kwa sababu tulilimaliza zamani tumesahau kuwa lilikuwa shauri. Wakristo wa bara walikuwa nalo juzi tu, tena katikati ya vita.

Njau hakuishia Murang'a. Mwaka 1965 yeye, pamoja na mkewe Rebeka, ambaye ni mwandishi wa vitabu, na wenzao wengine, walifungua Nairobi nyumba ya sanaa iitwayo Paa ya Paa. Jina hilo ni mchezo wa maneno: paa mnyama, na kupaa kwenda juu. Nadhani mwalimu wetu wa Kiswahili angeliandika "Paa Yapaa", nami ningemuunga mkono, lakini jina la mtu halisahihishwi. Wachoraji na wachongaji walipata pale mahali pa kufanyia kazi na pa kuonyesha walichofanya. Mwaka 1997 moto ulishika nyumba hiyo ukateketeza sehemu kubwa ya kazi zilizokuwa zimekusanywa kwa miaka zaidi ya 30. Njau aliendelea na kazi hata baada ya hasara hiyo. Picha tano za Murang'a hazikuguswa na moto ule, kwani zilikuwa mbali, katika ukuta wa kanisa lao.