Mchezaji Huru Si wa Bure
Julai 2024 Yanga walipomtangaza Clatous Chama kutoka kwa watani wao Simba, ubishi ulitawala vijiweni, Bagamoyo nako hakukulalika. Wapo wanaosema mchezaji aliyemaliza mkataba anakuja bure. Si kweli, wadau. Kinachokosekana ni ada ya uhamisho kwa klabu anayotoka. Mchezaji naye analijua hilo, ndiyo maana hudai dau nono la kusaini na mshahara mkubwa. Chama alishafika miaka 33. Umri huo, kumuuza tena ili pesa irudi ni ngumu. Kwa hiyo kabla ya kushangilia au kuponda, tuulize: mkataba wa miaka mingapi, na pesa hiyo ingelea vijana wangapi?