Mikono Safi Isiyopasuka

Hapa kwetu pwani, tangu Bagamoyo mjini hadi Ubena, sisi wauguzi tunawaona akina mama wengi ambao mikono yao imekauka, inawasha na imepasuka vidoleni. Wengi wao ni wafuaji, mama ntilie na walezi wa watoto wachanga. Sisi wenyewe tumo, kwani kazi yetu ni kunawa kutwa. Baadhi yao hutuambia kwamba wameacha sabuni kwa sababu inawachoma. Jambo hilo linatutia hofu. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilienea katika mikoa mingi, na kunawa kwa sabuni ni mojawapo ya kinga zake kubwa.

Je, ngozi hupasuka kwa nini? Tabaka la juu kabisa la ngozi ni kama ukuta wa matofali. Matofali ni chembe zilizokufa, na udongo unaoyashikamanisha ni mafuta ya mwili. Ukuta huo, ingawa sehemu nyingi ni mwembamba kuliko karatasi, huzuia maji ya mwili yasitoke na vijidudu visiingie. Tena una uchachu kidogo, ambao vijidudu vingi vya maradhi havipendi.

Sabuni haichagui. Inapoondoa uchafu huondoa na mafuta hayo, na sabuni ya mche au ya unga hupunguza ule uchachu. Tukinawa mara moja, ngozi hujirekebisha yenyewe. Tukinawa mara nyingi bila kuipa nafasi, udongo huisha, maji hupotea na nyufa hutokea. Katika nyufa hizo vijidudu hujificha na kuingia. Mwenye visima vya maji ya chumvichumvi hupata taabu zaidi, maana povu halitoki, naye huzidisha sabuni.

Basi tufanye nini? Tusiache kunawa. Tunawe baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kula. Lakini:

1. Tusitumie sabuni ya unga wala dawa ya madoa kunawia au kuogea. Hizo ni za nguo.

2. Tusuuze sabuni yote, hasa katikati ya vidole na chini ya pete.

3. Tukaushe kwa kugandamiza kitambaa safi, bila kusugua. Ngozi ikiwa na unyevu bado, tupake mafuta ya nazi, ya mgando au gliserini.

4. Wakati wa kufua, anayeweza avae glovu za mpira.

5. Siku za joto tunaoga mara mbili au tatu. Sabuni itumike kwapani, kinenani na miguuni. Kwingineko mara nyingi maji yanatosha.

6. Mtoto aliyezaliwa asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Ngozi yake bado ni laini mno.

Mikono iliyochakaa huchukua wiki kadhaa kupona, hivyo tusikate tamaa. Wala tusinunue krimu dukani bila ushauri, maana nyingine hupunguza muwasho huku zikizidi kuipunguza ngozi unene. Ukiona usaha, uvimbe, au una homa, fika hospitali mapema.

Ukuta ukibomoka, hatuhami nyumba; tunaukandika. Tuendelee kunawa, na kila tunaponawa tukumbuke mafuta.