Kilabu cha Pombe na Kipimo Chake
Somo la redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima

Nawasalimu nyote mliokusanyika kukisikiliza chombo hiki: ninyi wa Liuli, ninyi wa Mbamba Bay na Lituhi, na ninyi wa huko juu Mbinga penye kahawa. Na wewe unayelisoma somo hili katika karatasi, karibu. Kaa nasi kana kwamba unasikia.

Leo tutazungumza juu ya kilabu cha pombe. Najua wengine watauliza, elimu ya watu wazima na pombe zimekutana wapi? Sikuja kuwaambia mnywe, wala sikuja kuwahubiria msinywe. Nataka tuitazame nyumba hiyo kama tunavyoitazama shule, soko au zahanati: yaendeshwaje, nani anafaidika nayo, na nani anaumia. Nyumba inayopokea fedha na nafaka za kijiji kila siku yastahili kutazamwa kwa macho mawili.

MANAHODHA WAWILI

Tuanze hapa hapa ziwani. Wazee wa Liuli wajua kwamba Wajerumani waliliita bandari lao hapa Sphinxhafen, kwa sababu ya mwamba ambao ukiutazama kutoka majini wafanana na ile sanamu kubwa ya Misri, yenye kichwa cha mtu na mwili wa simba. Hapo ndipo ilipokarabatiwa meli yao iliyoitwa Hermann von Wissmann. Upande wa pili wa ziwa Waingereza walikuwa na meli yao, Guendolen. Nahodha wa Kijerumani alikuwa Berndt, na wa Kiingereza alikuwa Rhoades. Inasimuliwa kwamba watu hawa wawili walikuwa marafiki, na walipokutana walizoea kunywa pamoja.

Mwezi wa Agosti 1914 vita vilianza Ulaya. Habari zilimfikia Rhoades kwanza. Alikuja na Guendolen, akaikuta Wissmann imevutwa nchi kavu kwa matengenezo, akaipiga kwa mzinga. Berndt, ambaye hakuwa na habari ya vita, alipanda mashua akaenda kwa hasira kumwuliza rafiki yake kama amelewa. Akajibiwa kwamba nchi zao zina vita, na yeye sasa ni mfungwa.

Kisa hiki watu hukisimulia kwa kicheko. Lakini chatuonyesha jambo moja: watu wa mataifa mawili, mbali na kwao, walichukua desturi ya nyumbani wakaja nayo hadi ziwani kwetu, yaani desturi ya kuketi na mwenzako mkinywa na kuzungumza. Basi huko kwao Wajerumani, desturi hiyo ina nyumba ya namna gani? Kabla ya kuingia katika nyumba hiyo, tukitazame kwanza kinywaji chenyewe.

KIMEA NI KILE KILE

Mama anayepika komoni hulowesha nafaka, huifunika hata ikachipua, huianika na kuisaga. Hicho ndicho kimea. Hupika uji, huuacha upoe, hutia kimea, na baada ya siku chache uji unachachuka. Mjerumani hufanya kazi hiyo hiyo kwa shayiri.

Sababu ni hii. Mbegu inapochipua hutengeneza ndani yake vitu vinavyogeuza wanga kuwa sukari, ili mche mchanga upate chakula. Mpishi humwahi mche. Ile sukari huliwa na hamira, nayo hamira hutoa kileo na mapovu. Basi kimea hufanya sukari, na hamira hufanya kileo. Hakuna uchawi hapo, wala hakuna tofauti kati ya Mwafrika na Mzungu.

Tofauti huja baadaye. Mjerumani huichuja bia yake, naye hutia maua ya mmea utambaao uitwao hopsi, ambayo huleta uchungu na kuizuia bia isiharibike upesi. Pombe yetu haichujwi sana. Huendelea kuchachuka katika pipa hata wakati inaponyweka, na baada ya siku mbili tatu huwa kali na chachu. Ndiyo maana haiwezi kuwekwa ghalani. Ikiiva lazima inyweke, na ili inyweke upesi yataka watu wengi kwa mara moja. Kwa hiyo ni pombe yenyewe iliyojenga kilabu. Hali ni hiyo kwa komoni yetu, kwa mbege ya Kilimanjaro iliyopikwa kwa ndizi na ulezi, kwa rubisi ya Bukoba, na kwa ulanzi wa Njombe na Iringa unaogemwa katika mianzi.

NYUMBA ZA BIA ZA KÖLN

Sasa twende Ujerumani, katika mji wa Köln, kando ya mto Rhine. Mji huu una kanisa kubwa lenye minara miwili, lililomalizika kujengwa mwaka 1880, na karibu yake mna nyumba za bia za zamani. Bia ya mji huo huitwa Kölsch. Mwaka 1986 wapishi wake walitia sahihi mapatano juu ya namna ya kuipika na mahali inapopikwa, na tangu mwaka 1997 jina hilo limelindwa katika nchi za Umoja wa Ulaya.

Ukiingia utakuta meza ndefu za mbao. Hukai peke yako. Ukiona nafasi waomba ruhusa, waketi na watu usiowajua. Wahudumu huvaa aproni za buluu, nao huitwa Köbes. Ni watu wa maneno makali yenye mzaha, na mgeni hapaswi kukasirika. Bia haiji katika chombo kikubwa. Huja katika bilauri nyembamba yenye sehemu ya tano tu ya lita, na juu yake kuna mstari. Bia ikiwa chini ya mstari, mnywaji ana haki ya kuirudisha ijazwe, kwa maana kipimo hicho kimewekwa na sheria.

Bilauri ikiisha, mhudumu huleta nyingine bila kuulizwa, na kila mara hupiga alama moja ya kalamu juu ya kijikadi kinene kilichowekwa chini ya bilauri. Kijikadi hicho hukaa mbele ya mnywaji, si mfukoni mwa mhudumu. Hesabu yao wote wawili iko wazi mezani. Na ukitaka kukoma, hukemei wala hubishani. Wakichukua kijikadi, wakiweka juu ya bilauri kama kifuniko. Mhudumu aona, aleta hesabu, mambo yamekwisha.

Chakula nacho kipo. Kimoja kina jina linalodanganya wageni, kwa kuwa lasikika kama nusu jogoo, kumbe ni mkate wa nafaka ya rai na kipande cha jibini. Mtu mwenye chakula tumboni halewi upesi kama mwenye njaa. Sheria ya Ujerumani tena yataka kila nyumba yenye kuuza vileo iwe na angalau kinywaji kimoja kisicho kileo, ambacho bei yake haizidi ile ya kileo kilicho rahisi kuliko vyote. Yaani maskini asilazimike kulewa kwa sababu bia ni nafuu kuliko maji ya matunda. Nayo sheria hiyo yakataza kumwuzia mtu ambaye ameonekana wazi kwamba amekwisha lewa.

Msidhani kwamba Wajerumani hawana walevi. Wanao, na madhara ya ulevi wanayajua. Lakini desturi hizi zimewasaidia kuwa na nyumba ambayo mzee na kijana, mwenye mali na asiye nayo, huketi meza moja. Katika mji mwingine, München, iko nyumba ya bia iliyoanzishwa na mtawala wa nchi ile mwaka 1589, nayo ipo hata leo.

DEBE LA MAHINDI

Nchi ile ya München, Bavaria, ilitunga sheria ya bia mwaka 1516. Iliagiza bia ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji tu, tena ikataja bei yake. Moja ya sababu zinazotajwa na wenye kuchunguza historia ni kwamba ngano ibaki kwa waokaji mikate. Watawala waliona kwamba nafaka ya chakula ikiingia katika pipa la bia, watu watakosa mkate.

Neno hilo latuhusu sana. Chukua debe moja la mahindi, kilo 20. Tukadirie kwamba mtu mmoja hula nusu kilo kwa siku. Debe hilo ni chakula cha mtu mmoja kwa siku 40, au cha nyumba yenye watu watano kwa siku 8. Debe likiingia katika pombe, fedha itakayotoka lazima iweze kurudisha debe jingine, ilipe kuni, maji na jasho, kisha ibaki kitu. Isipobaki kitu, mama hakufanya biashara. Amewapa wanywaji chakula cha watoto wake.

Nami sisemi hili ili kuwavunja moyo wapika pombe. Kwetu pombe ya kienyeji kwa kawaida hupikwa na wanawake, na wengi wamelipa ada za shule na kununua mabati kwa kazi hii. Kwa sababu hiyo nataka kazi yenyewe iwe na hesabu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andika mahindi, andika kuni, andika kila kopo lililotoka.

VILABU VYETU

Je, sisi tulikuwa hatuna desturi? Tulikuwa nazo. Pombe ya ngoma, ya arusi, ya kumshukuru aliyekuja kulima shamba lako, ilikuwa na siku yake, na mgawaji wake alijua nani apokee kwanza. Vijana hawakunywa kama wazee. Pombe ilipoanza kuuzwa kwa fedha, kila mwenye senti akawa mzee. Serikali ya Waingereza ilitia leseni, na baada ya uhuru ikaja Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Lakini leseni ukutani haiwezi kufanya kazi ya mgawaji.

Mambo matatu naona yamo katika uwezo wa kijiji.

La kwanza ni kipimo. Kopo moja lililokubaliwa, lenye alama, litumiwe na wauzaji wote. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kipimo na ladha vikiangaliwa na wote, hatapata nafasi.

La pili ni deni. Mvuvi hunywa kwa mkopo akisema, usipa wakitoka nitalipa. Siku ya kulipa yeye akumbuka makopo manne, mwuzaji akumbuka saba, na ugomvi waanza. Alama na zipigwe mbele ya mnywaji, kama Köln, kwenye karatasi yake mwenyewe. Mtu aliyejifunza kusoma na kuhesabu katika darasa letu hataogopa karatasi hiyo.

La tatu ni togwa na chakula. Togwa tunayo tangu zamani, nayo hutoka katika kimea kile kile. Ikiwapo kilabuni kwa bei nafuu, pamoja na muhogo na samaki wa kuchoma, asiyetaka kulewa ataweza kuketi na wenzake bila aibu, na mpishi atapata fedha vile vile.

KINYWAJI KISICHO NA KIPIMO

Nataka nimalize na jambo zito. Gongo si ndugu wa komoni. Kwa sheria ya mwaka 1966 ni marufuku mtu kuitengeneza bila leseni, na sababu zipo. Kinywaji cha kukenekwa ni kikali mara nyingi kuliko pombe ya kuchachua, na mnywaji hawezi kujua nguvu yake kwa macho. Wako tena wauzaji waovu wanaotia spiriti ya viwandani iitwayo methanoli. Hiyo haina rangi, nayo yanukia kama kileo, lakini hupofusha macho na kuua. Mjini Nairobi, mwezi wa Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kinywaji cha namna hiyo. Mtu aliyekunywa kisha akaona ukungu machoni, akaumwa kichwa na tumbo na kupumua kwa shida, asiachwe alale kwamba ni ulevi tu. Apelekwe hospitali saa ile ile. Wanaomficha kwa kuogopa sheria ndio wanaomzika.

Hata vile vipakiti vidogo vya pombe kali, viroba, vilipigwa marufuku nchini kuanzia Machi 1, 2017, kwa kuwa vilikuwa rahisi hata mwanafunzi aliweza kuvificha mfukoni.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

Sasa zimeni redio, mzungumze kwa muda wa nusu saa. Mwenyekiti wa kikundi awape nafasi wanawake wanaopika, maana wao ndio wajuao zaidi.

1. Katika kijiji chenu, debe moja la mahindi hutoa makopo mangapi ya pombe? Fanyeni hesabu ya faida ubaoni, mkihesabu na kuni.
2. Kipimo kinachotumika kilabuni kwenu kilikubaliwa na nani?
3. Je, asiyekunywa kileo ana mahali pa kuketi na wenzake jioni? Kama hana, togwa ingeweza kuuzwa na nani, kwa bei gani?
4. Mtu akizidiwa na gongo usiku, ni nani mwenye mashua au pikipiki ya kumfikisha hospitali? Aandikwe jina lake leo.

Andikeni majibu katika daftari la kikundi, na swali la nne msilivuke kabla ya kulijibu. Kwaherini.