Mgongo Ukiuma: Mashine au Mwendo?

Wewe mama unayebeba mkungu wa ndizi hadi soko la Nyakoe, na wewe kijana unayeupakia kwenye lori, kipindi cha leo ni chenu.

Mgongo ukiuma, wengi wetu hutaka kulala mpaka upone, au kuwekewa mashine. Tumeshalipa nauli hadi Kisii mjini, kwa hivyo mtaalamu wa fiziotherapia asipowasha kitu chenye taa tunaona ametupunja. Lakini je, mashine inatibu?

Mwaka wa 1995 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Helsinki, nchini Finland. Wafanyakazi 186 wa mji huo, ambao maumivu yao ya mgongo yalikuwa mapya, waligawanywa mafungu matatu. Fungu moja lililala kitandani siku mbili. La pili likapewa mazoezi ya mgongo. La tatu likaambiwa liendelee na shughuli zake za kawaida kadiri maumivu yalivyoruhusu. Hili la tatu ndilo lililopona upesi zaidi. Naam, hata mazoezi yalishindwa!

Kwa maumivu sugu, yaani yaliyozidi miezi mitatu, mazoezi yenye mpango husaidia. Shirika la Afya Duniani lilisema hivyo Desemba 2023. Shirika hilo lilishauri pia kwamba mashine za mawimbi ya sauti, zile za kusisimua neva kwa umeme, kuvutwa mgongo na mikanda ya kiuno zisiwe matibabu ya kawaida ya maumivu hayo. Hata hivyo bado zinatumika. Tusimlaumu mtaalamu peke yake: sisi wenyewe huzidai, na kliniki hulipwa kila zinapowashwa.

Sasa jiulize, utafiti huo ulifanyiwa nani? Mfanyakazi wa Helsinki akiugua hupata likizo yenye malipo. Wewe usipofika sokoni, nani atakulipa? Na shughuli zako za kawaida ni kupanda mlima na mzigo. Kwa hivyo, ukiambiwa "endelea na kazi", mweleze mtaalamu kazi yenyewe: uzito wa mkungu, umbali, mteremko. Pengine mtakubaliana ukate vichana na kubeba mara mbili, au utumie wilbaro wiki chache, halafu uongeze mzigo polepole. Ukipewa mazoezi ya kulala chali mara tatu kwa siku na huna nafasi hiyo, sema hapo hapo. Karatasi ya mazoezi iliyofungiwa kabatini haimponyi mtu.

Muulize pia: matibabu haya yanatarajiwa kufanya nini? Baada ya wiki ngapi tutajua kama yanafaa? Una haki ya kujibiwa. Uliza vilevile kama amesajiliwa, kwa maana tangu mwaka wa 2014 Kenya ina sheria ya wanafiziotherapia na baraza lao.

Kuna maumivu yasiyongoja mazoezi. Miguu ikilegea, mkojo ukikwama au kutoka wenyewe, au sehemu za siri zikifa ganzi, nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Usikawie pia kama umeanguka au umepata ajali ya bodaboda, au kama mgongo unauma pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda. Kifua kikuu huweza kuingia hata kwenye uti wa mgongo, na hicho kinatibiwa kwa dawa.