Kigoda, Ukimya na Lafudhi: Usawiri wa Mwanamke katika Filamu ya Kiswahili Ukitazamwa kutoka Mwimbi, Ufipa

Masimulizi ya asili ya utawala wa Ufipa, ambayo Roy Willis aliyachambua kutokana na utafiti wake wa miaka ya 1960, yanaanza na kigoda. Ntatakwa, mtemi wa Milansi, anakwenda kuwinda na kumwonya mkewe kwamba wageni watakuja, naye asiwaachie kigoda. Wageni wanafika kweli, nao ni wanawake. Mke anashindwa kukilinda. Wageni wanakikalia, na kutoka kwao unatokea ukoo wa Watwa uliotawala uwanda huo. Simulizi lina wanawake wa aina mbili, aliyeachiwa nyumba ailinde na waliosafiri wakatwaa nchi, na hatima ya utawala imo mikononi mwa hao, si mwa mwindaji aliye porini.

Kusini mwa uwanda huo, Mwimbi, wilayani Kalambo, Kimambwe na Kilungu ni lugha za nyumbani, na Kiswahili ni lugha ya shule, soko na filamu. Makala haya yanafuatilia jinsi filamu ya Kiswahili ilivyomsawiri mwanamke kwa miongo kadhaa, yakizingatia zaidi usemi: nani anapewa maneno, na maneno ya namna gani.

Mwanzo wa filamu hizo haukumpa mwanamke mengi. Mradi wa kikoloni uliokuwa Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937, ulikusudia kufundisha kilimo na afya. Muhogo Mchungu, ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilimweka katikati mwanamume wa shamba anayekwenda mjini. Mhusika huyo aliigizwa na Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa 1968, ilitoa filamu za siasa ya Ujamaa kama Fimbo ya Mnyonge. Humo mwanamke ni mmoja wa umma unaojenga taifa. Ana jembe, lakini hana kisa chake mwenyewe.

Mabadiliko ya kweli yalianza na mwanamke mgonjwa. Katika Arusi ya Mariamu (1985), ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ugonjwa ambao hospitali haiuponyi ndio unaompa mhusika wa kike nafasi ya kuwa kiini cha hadithi. Martin Mhando na Mulvihill waliuendeleza mkondo huo kwa ujasiri zaidi katika Maangamizi (2001). Samehe, anayeigizwa na Amandina Lihamba, amelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili na hasemi, kwa sababu ya alichokishuhudia kikimpata mama yake. Wanaomzunguka ni daktari mwanamke kutoka Marekani na mzimu wa bibi. Ukimya wake si unyenyekevu. Mtazamaji analazimika kuusoma kama ushahidi uliokataa kutolewa. Ni vigumu kupata katika filamu ya Tanzania, kabla au baada yake, mhusika aliyesema mengi kiasi hicho kwa maneno machache hivyo.

Wengi hawakuiona. Walichokiona ni filamu za video, zilizoshamiri baada ya Girlfriend (2003) ya George Tyson na kuja kuitwa Bongo Movie. Filamu hizi ziliwapa waigizaji wa kike umaarufu ambao sinema ya serikali haikuwapa, na hilo si jambo dogo. Hata hivyo, ziliwarudisha wahusika wao katika ubapa: mke mvumilivu, mama mkwe katili, kimada, mchawi. Mwema hujulikana kwa kuomba radhi hata asipokosa; mwovu hujulikana kwa kujibu. Kujibu kwenyewe kumefanywa alama ya uovu.

Hapo haina budi kutajwa kibanda umiza, ambako filamu za nje huonyeshwa zikiwa zimetiwa sauti ya mfasiri wa Kiswahili, mtindo uliopata umaarufu kupitia Lufufu. Mfasiri ni mwanamume mmoja, na ndiye anayesema kwa niaba ya wahusika wote. Mwanamke kwenye kioo anafungua kinywa, ikatoka sauti ya kiume, mara nyingi pamoja na maoni ya mfasiri juu ya tabia yake.

Tangu 2015 zipo kazi zinazokwenda kinyume. Aisha (2015) ya Chande Omar, iliyotoka Pangani, inazungumzia ubakaji katika mji mdogo na kuhoji ukimya wa jamii nzima. Vuta N'kuvute (2021) ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya 1999, inamfuata Yasmin, msichana anayeikimbia ndoa ya mzee katika Zanzibar ya ukoloni. Binti (2021) ya Seko Shamte imegawanywa katika visa vya wanawake wanne. Mume, anapokuwapo, ni sehemu ya kisa cha mwingine.

Kwa mtazamaji wa Mwimbi, iliyo karibu zaidi labda ni Fatuma (2018) ya Jordan Riber, kwa kuwa mhusika wake ni mkulima, na swali la nani anashika fedha ya mavuno linaeleweka bila maelezo popote panapolimwa mahindi. Lakini pengo moja halijazibwa, nalo ni la kiisimu. Mwanamke wa bara anapoingia katika filamu za Dar es Salaam, mara nyingi huwa hausigeli, na lafudhi yake huwekwa ichekwe. Mwajiri wake huzungumza Kiswahili cha mjini hata akitukana. Yeye hupewa matamshi ya kikwao hata akisema kweli. Msichana wa Kimambwe aliyejifunza Kiswahili darasani huisikia sauti inayofanana na yake ikitoka jikoni, na kibanda kizima kikiangua kicheko.