ASKARI WA UHABESHI KATIKA VITA VYA KOREA

Watu wengi wamesikia habari za vita vya Korea, lakini si wengi wajuao kwamba jirani wa Kenya upande wa kaskazini, yaani Uhabeshi, au Ethiopia kama iitwavyo sasa, ilipeleka askari wake huko. Nchi kumi na sita zilipeleka watu wa kupigana chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Katika Bara la Afrika zilikuwa mbili tu: Afrika ya Kusini iliyopeleka marubani, na Uhabeshi iliyopeleka askari wa miguu.

Vita vilianza tarehe 25 Juni, 1950, majeshi ya Korea ya Kaskazini yalipovuka mpaka na kuingia Kusini. Umoja wa Mataifa uliwaomba wanachama wake wasaidie, na Mfalme Haile Selassie akaitika.

KWA NINI WALIKWENDA

Mtu aweza kuuliza, Wahabeshi walikuwa na jambo gani na Korea, nchi iliyo mbali hivyo? Jibu lake ni la mwaka 1935, Waitalia walipoishambulia Uhabeshi. Mwezi wa Juni, 1936, Mfalme alisimama mbele ya Chama cha Mataifa mjini Geneva akaomba msaada. Alisikilizwa, lakini hakusaidiwa. Nchi yake ilibaki mikononi mwa adui mpaka mwaka 1941, ilipokombolewa na wazalendo wake pamoja na majeshi ya Uingereza, na askari wa K.A.R. kutoka Afrika ya Mashariki walikuwamo. Basi aliyeonja uchungu wa kuachwa peke yake hakutaka kumwacha mwenzake. Aidha, Mfalme alijua kwamba taifa dogo halina ngao ila ahadi ya mataifa kulindana, na ahadi isiyotimizwa kwa mmoja haitatimizwa kwa mwingine.

SAFARI NA MAPIGANO

Askari wa kwanza walichaguliwa katika kikosi cha walinzi wa Mfalme. Waliagwa Addis Ababa mwezi wa Aprili, 1951, wakapanda meli ya Kimarekani katika bandari ya Djibouti, na mwezi wa Mei wakashuka Pusan. Kikosi chao kiliitwa Kagnew, jina la farasi wa vita wa Ras Makonnen, baba yake Mfalme. Waliwekwa pamoja na Divisheni ya 7 ya Marekani, wakapewa bunduki na mavazi ya Kimarekani.

Huko walikuta mambo mageni: milima iliyochimbwa mahandaki, mizinga isiyonyamaza, na majira ya baridi yenye theluji. Hata hivyo walijipatia sifa, hasa katika doria za usiku. Mmarekani S. L. A. Marshall, katika kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya mapigano ya Pork Chop Hill, aliwasifu sana. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba hakuna Mhabeshi hata mmoja aliyetekwa. Wenzake walimrudisha, akiwa hai au maiti.

Mapigano yalisimamishwa tarehe 27 Julai, 1953. Wahabeshi zaidi ya 3,000 walikuwa wamepigana. Zaidi ya 120 waliuawa, na zaidi ya 500 walijeruhiwa. Hata hivyo kazi haikuisha, kwani askari wao waliendelea kukaa Korea kulinda amani mpaka mwaka 1965.

MALIPO YAO

Mwaka 1968 Mfalme mwenyewe alikwenda Chuncheon, Korea ya Kusini, kufungua mnara wa kuwakumbuka askari hao. Lakini mwaka 1974 alipinduliwa, na serikali ya kijeshi iliyofuata ikafanya urafiki na Korea ya Kaskazini, adui wao wa jana. Ndipo waliopigana Korea walipojikuta hawatakiwi. Medali zilizokuwa fahari ya nyumba zikawa kitu cha kufichwa, na wengi wakazeeka katika umaskini.

Serikali hiyo iliondoka mwaka 1991. Tangu hapo Wakorea wa Kusini wamewatafuta wazee hao, wakawasaidia kwa matibabu, na wajukuu wao kwa masomo. Wahenga husema mcheza kwao hutuzwa. Lakini askari hawa walicheza ugenini, na tuzo ikawajia kutoka ugenini, baada ya wengi wao kwisha kuzikwa.