Hosteli Ina Deni Kabla Hatujahamia

Kila mwaka tunabandika karatasi zile zile milangoni: zima taa, zima pangaboi. Sina ugomvi nazo. Ila sasa serikali ya wanafunzi imeombwa maoni kuhusu hosteli mpya, na mjadala wote wa mazingira umeishia kwenye taa. Mimi nasoma ukadiriaji majenzi, nikaona nipige hesabu.

Hewa ya ukaa ya jengo huhesabiwa kwa mafungu mawili makubwa. La kwanza hutoka kabla hatujahamia: kuchoma saruji, kuyeyusha chuma, kusafirisha, kujenga. La pili ni la matumizi: umeme, dizeli ya jenereta, gesi ya viyoyozi. (Kiwango cha Ulaya cha EN 15978 hufuata jengo mpaka linapobomolewa na kuwa kifusi, lakini hayo leo nayaacha.) Njia ni moja: chukua kiasi cha kitu, zidisha kwa kilo za hewa ya ukaa zinazotoka kwa kila kipimo chake.

Chukua sakafu moja ya ghorofa, mita 20 kwa 10, unene sentimita 15. Hiyo ni zege mita za ujazo 30. Ukiweka mifuko 7 kwa kila mita ya ujazo, unapata mifuko 210, yaani tani 10.5 za saruji. Na saruji haichafui kwa sababu ya moto wa tanuri peke yake. Jiwe la chokaa likichomwa, lenyewe hutoa hewa ya ukaa; hata ukilichoma kwa nishati safi kabisa, itatoka tu. Kwa saruji yenye klinka nyingi tuweke kilo 0.8 kwa kila kilo ya saruji. Jibu ni tani 8.4. Nondo bado, kuta bado, paa bado.

Sasa tuhamie. Tuseme sakafu hiyo ina vyumba 10, kila kimoja kina taa ya wati 10 kwa saa 6 na pangaboi la wati 60 kwa saa 8. Kwa siku 300 vyumba vyote vinakula uniti 1,620 za umeme. Kila uniti nimeipa kilo 0.4, karibu na umeme unaotoka wote kwenye gesi asilia. Hapo nimeuonea umeme wetu, maana una maji ndani yake, na maji yameongezeka tangu Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 lianze kuzalisha mwaka 2024. Hata hivyo, taa na pangaboi zinahitaji miaka 13 kufikia kile zege lilichotoa kabla mtu hajaingiza begi lake. Na umeme unaweza kusafishika kadiri miaka inavyokwenda. Zege lililokwisha kumwagwa, hapana.

Nilitaka kuishia hapo, nikajiona mjanja. Kisha nikaweka viyoyozi. Kilowati moja kwa kila chumba, saa 8 kwa siku: uniti 24,000 kwa mwaka. Deni la sakafu linafikiwa kabla mwaka haujaisha! Hata ukiikata nusu ile 0.4, haifiki miaka miwili. Bado gesi yenyewe: kilo moja ya R-410A ikivuja ni sawa na tani 2 hivi za hewa ya ukaa.

Ndiyo maana sikulala vizuri baada ya kuona ramani ya mwanzo. Vyumba vina dirisha upande mmoja tu, linatazama magharibi. Upepo utapitia wapi? Joto lile la jioni tunalijua. Mwaka wa pili mtu ataomba kiyoyozi, na atakuwa na haki.

Naomba wawakilishi wetu waulize mambo mawili. Kwanza, dirisha la pili, hata dogo juu ya mlango. Pili, kwenye BOQ, pembeni ya safu ya bei, iongezwe safu ya kilo za hewa ya ukaa. Vipimo vyote vimo tayari, ni kuzidisha tu. Tukiiona, tunaweza kuuliza kama saruji yenye pozolana, ambayo klinka yake ni kidogo, inatosha kwa plasta na kujengea tofali.

Kikao ni kabla ya UE. Hesabu yangu nimeibandika mlangoni pa ofisi ya serikali ya wanafunzi. Ukiona namba nimekosea, ikate kwa peni nyekundu uandike yako.